Mafuta si adui, tukague karai

Ndugu Mhariri,

Siku hizi mtu akipimwa presha tu, jirani anamwambia aache mafuta kabisa. Ushauri huo umepitiliza. Vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta, ndiyo maana mchicha wa nazi au karanga una faida kuliko ule uliochemshwa kwa maji na chumvi. Mtoto mdogo ukimnyima mafuta unampunja.

Kinachonitia shaka mimi ni karai la chipsi. Pita kituo cha daladala jioni: mafuta meusi kama oili chafu, povu juu, moshi unawasha macho, na muuzaji anaongezea mapya kidogo juu ya yale ya jana (na ya juzi, nahisi). Mafuta yakichomwa mara nyingi huharibika. Yapo pia ya mgando yaliyotiwa haidrojeni nusunusu kiwandani, yenye mafuta ya transi. Haya hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, na Shirika la Afya Duniani linahimiza nchi zote zifanye hivyo.

Maofisa afya wa manispaa wanaokagua vyoo na vyeti vya wapishi wachungulie na karai. Nasi wateja tuulize mafuta yamewekwa lini kabla ya kuagiza chipsi mayai.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam