Barua kwa wanangu wa boda, Malaba

Wanangu wa steji, salaam.

Nimevuta tangi la mafuta kutoka Eldoret hadi Kampala mpaka magoti yakakataa klachi. Siku hizi kazi yangu ni benchi na kuwatazama. Juzi tangi liliserereka likalalia mtaro, na kabla dereva hajafungua mlango, watatu wenu mlishafika na madumu. Jioni mkacheka: bahati mbaya, lilikuwa tupu!

Tupu la petroli, si tupu la mvuke, na kinachoshika moto ni huo mvuke. Ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini, unafuata mtaro, unatafuta jiko la mtu.

Mwaka mmoja valvu yangu ilivuja nimeegesha. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anakaanga chapati. Mimi nilihangaika na spana, turniboi wangu, msaidizi wa lori, ndiye aliyenusa harufu kule kwenye sigiri. Alikimbia, akachukua beseni la maji ya kuoshea vyombo, akamwaga lote juu ya makaa. Yule mama alimtukana hadi ukoo wake wa saba. Chapati zake nilizilipa, na kwa furaha.

Namungoona, Kampala, Juni 2013, tangi liligongana na gari, watu wakakimbilia kuchota. Walikufa zaidi ya 30, wakiwemo watu wa boda. Oktoba 2024 yakarudi Kigogwa, barabara ya Gulu: tangi limepinduka, watu na ndoo, kisha moto. Miaka 11 katikati, na ndoo zilezile.

Najua hesabu yenu. Dumu la lita 20 ni pesa ya maana, na mkopo wa pikipiki haungoji. Sitawadharau kwa hilo. Lakini pikipiki unayoizima pembeni ya petroli iliyomwagika, utaiwashaje kuondoka? Hiyo cheche ni yako mwenyewe.

Mnaniita mwoga. Sawa, kwa mwoga huenda kicheko. Tangi likianguka, zima pikipiki ungali mbali, isukume kurudi nyuma, wafukuze watoto, uwaambie akina mama wa sigiri wamwage maji juu ya makaa. Abiria akikasirika, ashuke.

Na wewe uliyefunga dumu la njano nyuma ya kiti kwa mpira, nimekuona. Njoo nyumbani jioni, chai ipo. Dumu uje nalo.

Mzee wenu wa benchi