Shukrani kwa fundi wa Salgaa

Fundi uliyetusaidia Salgaa Jumamosi jioni, hukutaka kutuambia jina lako, basi nakushukuru hapa mbele ya watu.

Tulikuwa tunatoka Nakuru kwenda Kisumu, hema la kulalia likiwa juu ya kanopi, lile boma linalofunika nyuma ya pikapu. Gereji moja ilikuwa imelifunga kwenye faibaglasi tupu ya paa la kanopi, bila vyuma vya kuishikilia ndani. Njiani paa likaanza kulia, kisha ufa ukatokea. Hema lile lina zaidi ya kilo 50, na kila tuta huongeza kishindo chake.

Mwingine angeongeza bolti nene na kudai pesa. Yeye alitandika gunia, akaingia ndani ya kanopi na tochi ya simu, akagonga paa kwa kidole huku akisikiliza. Akatushushia hema. Akachomelea vyuma vya mraba huko nje, mbali na faibaglasi, kisha akaviunga kwa bolti ndani ya kanopi, miguu yake ikakanyaga kingo za bodi ya pikapu. Sasa mzigo unabebwa na bodi, si paa. Matundu ya zamani aliyaziba kwa silikoni, na chini ya kila nati akaweka washa pana.

Alidai pesa ya vyuma na ya kijana wake tu. Tukabishana tumwongeze, akakataa katakata.

“Mkifika Kericho, zikazeni nati tena,” alisema. Tulipofika, kweli zilikuwa zimelegea kidogo.

Nanyi wenye gereji, mteja akija na hema, ingieni kwanza ndani ya kanopi.