Barua kwa mwanangu: Saa ya kuvaa botini

Mwanangu Zuhura,

Assalam alaykum. Huku Ngamiani sote wazima, ni mvua tu zimetufungia ndani. Picha za zile saa mbili unazotaka nikuchagulie moja ya kuvaa botini nimezipata. Nilitaka kukupigia, nikajua tutaishia kukatizana kauli kama kawaida yetu, basi soma hadi mwisho ndipo ubishe.

Nunua ile ya kuzamia.

Najua moyo wako uko kwenye kronografu, ile saa ya kupimia sekunde, wala sikulaumu. Ina vile visaa vidogo vitatu usoni na vitufe viwili ubavuni, na kwa mbali mtu anaweza kudhani ni Omega Speedmaster, ile iliyofika mwezini mwaka 1969. Lakini Omega waliitoa mwaka 1957 wakiwalenga watu wa mbio za magari, na namba zilizozunguka ukingo wa kioo ni za kupimia mwendo. Ukipanda basi la Segera, kaa dirishani. Bonyeza kitufe mnapopita nguzo ya kilomita, bonyeza tena mkifika inayofuata. Zikiwa zimepita sekunde 45, akrabu itasimama kwenye 80: basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, na kisheria lisizidishe hapo. Zikipita 40 tu, ni 90, na una haki ya kumpigia dereva kelele. Mchezo mtamu, mimi bado naucheza. Ila wewe kuanzia mwezi ujao utashinda kwenye boti ya watafiti, si kwenye basi.

Sasa nikwambie ninachokiona mimi pale mezani ninapotengenezea saa. Inaletwa kronografu ya bei nafuu, kioo kimepata ukungu kwa ndani, mwenyewe anaapa haijaingia maji. Nafungua mgongo, naweka lupu, kile kioo cha kukuzia, jichoni. Kwenye shina la kitufe cha chini chumvi imeganda, nyeupe. Kile kipete cha mpira, chembamba kama uzi wa cherehani, kimekauka na kupasuka. Betri imeota kijani. Saa ya kawaida ina tundu moja ubavuni, kronografu ina matatu, na watu hubonyeza vile vitufe mkono ukiwa bado umelowa. Wakati mwingine hata mashine haifai kuokolewa, maana kubadilisha nyingine ni karibu na bei ya saa mpya.

Hiyo uliyoipenda nyuma imeandikwa mita 30. Usizihesabu kama mita za baharini. Ni za kwenye kipimo cha kiwandani, saa ikiwa mpya na imetulia tuli. Kwa matumizi ya kila siku maana yake ni kunawa mikono na kunyeshewa kidogo. Vijana wanakwenda kuogelea Raskazone nazo Jumapili, Jumatatu wako kwangu wamenuna.

Saa ya kuzamia ina masharti yake. Kiwango cha kimataifa, ISO 6425, kinataka istahimili angalau mita 100, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na iwe na kitu cha kukuwekea kumbukumbu ya muda, ambacho kwa kawaida ndiyo ile pete ya juu inayozunguka kioo. Hiyo ya kuzamia uliyonitumia picha, Casio Duro, haidai kufuata kiwango hicho, tusidanganyane. Lakini ina mita 200, mgongo wake mzima unakazwa kama skrubu, na kitufe cha kurekebishia majira kinakazwa kwa kuzungushwa. Kwa pesa uliyonitajia, sioni cha kuishinda. Mita 200 zenyewe hutazifika, huko tumwachie silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini.

Pete ndiyo itakayokufaa zaidi. Wenzako wakizamia, peleka ile alama ya pembetatu ilipo akrabu ndefu, basi. Ukitupa jicho baadaye unajua wamekaa chini dakika ngapi, bila kubonyeza chochote. Na inazunguka upande mmoja tu, kinyume cha akrabu. Hata ikigongwa na ubavu wa boti, itakuonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita, nawe utawaita mapema. Haiwezi kukudanganya upande wa hatari. Wewe mwenyewe utakapoanza kuzamia na mtungi watakupa kompyuta ya kuzamia, ya kuvaa mkononi kama saa, lakini saa ibaki mkono wa pili, kompyuta nazo huzimika.

Kronografu inaishinda ya kuzamia kwenye kupima sekunde, hilo nakubali. Ungekuwa mwalimu wa riadha ningekuambia mengine.

Ukiinunua, kila ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na kabla ya hapo hakikisha kile kitufe kimekazwa. Usikifungue mkono ukiwa umelowa, hata kama saa imechelewa dakika tano. Mkanda uwe wa mpira. Ngozi ikishalowa chumvi inanuka na kukatika. Betri ikiisha, usimpe kijana wa kwenye kona akaichokonoe mgongo kwa kisu. Niletee mimi, kwa sababu ikishafunguliwa lazima mpira ubadilishwe na saa ipimwe kwa shinikizo kabla ya kurudi majini.

Muulize muuza duka kama ana ile yenye uso wa bluu. Nyeusi inasomeka vizuri zaidi, lakini najua hutanisikiliza.

Mama yako anauliza kama machungwa ya Muheza yalifika mazima. Mjibu, amekasirika.

Baba yako