Kuhusu Kipimo cha Angiografia Ulichoniuliza

Mpendwa Salim,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya lile swali la mwisho: je, ukubali angiografia ya moyo, yaani picha ya mishipa ya moyo, kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), au uombe ile ya CT skani?

Mimi nilifanyiwa ile ya katheta, na utaratibu wenyewe haukunitisha kama nilivyodhani. Baada ya ganzi, daktari alichoma sindano kwenye ateri ya kifundo cha mkono, akapitisha waya na kisha mrija juu yake, kwa njia aliyoieleza Mswidi Sven Ivar Seldinger mwaka 1953, akausogeza hadi kwenye mishipa ya moyo na kumimina dawa yenye iodini, ambayo huifanya njia ya damu ionekane kwenye eksirei. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba panapoonekana pamebana, mrija umekwisha kufika, hivyo mara nyingi mshipa unaweza kupanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachouacha wazi, papo hapo.

Madhara yapo. Mahali palipochomwa panaweza kuvuja damu au kuvilia, ingawa hatari hiyo ni ndogo mkononi kuliko kinenani. Dawa ile inaweza kuzielemea figo zilizokwisha kudhoofika, au kuleta mzio. Na, kwa nadra, mgonjwa hupata kiharusi au mshtuko wa moyo mezani. Kuna na kasoro isiyosemwa sana: picha huonyesha upenyo wa damu, haionyeshi ukuta wa mshipa, kwa hiyo mafuta yaliyojikusanya ukutani yanaweza kufichika huku njia ikionekana pana.

CT haiingizi mrija moyoni, kwani dawa huchomwa kwenye vena ya mkono, lakini iodini na mionzi viko palepale, chokaa nyingi kwenye mishipa huiharibu picha, na ukikutwa na tatizo la kutibiwa kwa stenti utarudi kwenye katheta vilevile. Kama maumivu yako ya kifua yangekuwa ya mashaka tu, ningekushauri uanzie kwenye CT. Lakini umeniandikia kwamba sasa yanakujia hata ukiwa umekaa. Hilo mweleze daktari leo, usingoje miadi, na mimi katika hali hiyo ningekubali katheta.

Kwa kuwa una kisukari, uliza pia majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na kama metformini, dawa ya kisukari, isimamishwe kwa muda.

Wako,
Idi