Tairi limerudi kahawia, na ulishalipa

Hapa kwetu Arusha, tunapoosha magari na kupaka matairi dawa ya kuyang'arisha, kuna lalamiko tunalolisikia kila kiangazi, na wiki hii limeletwa na kaka mmoja wa Njiro kwa sauti ambayo hata gereji ya jirani waliisikia. "Nimewalipa elfu nane ya kung'arisha matairi, nimefika Usa River yameshakuwa kahawia! Pale chini wananipaka kwa elfu mbili na yanameremeta siku nzima." Tulimjibu palepale, lakini kwa kuwa si wa kwanza kusema hivyo, acha tuliandike jibu kwa urefu.

Nilimwomba tulizunguke gari pamoja. Upande wa kushoto matairi yote mawili yalikuwa meusi. Vumbi lilikuwepo, ndiyo, lakini limekaa juu juu. Ukipitisha kidole linatoka. Upande wa kulia ndiko kulikokuwa na hiyo kahawia, na ukigusa, kidole kinanata. Gari moja, dawa moja, barabara moja. Kushoto chalii wetu alisugua kabla ya kupaka. Kulia aliambiwa asisugue, maana mteja huyuhuyu alikuwa anawahi kipaimara Tengeru. "Haya mawili paka tu, bosi wako hatajua." Bosi wake nilikuwa nimesimama nyuma ya kompresa.

Yale mawili tuliyasugua siku hiyohiyo bila kumdai shilingi, maana alishayalipia. Ila ile hesabu ya elfu mbili na elfu nane ilibaki hewani, na ndiyo ninayotaka kuimaliza hapa.

Dawa yenyewe inayokwenda kwenye matairi manne ni kidogo sana. Pesa yako inakwenda kwenye brashi, sabuni, na muda wa kijana aliyechuchumaa pale chini. Mpira wa asili si mweusi. Weusi wa tairi unatokana na masizi ya kaboni yanayochanganywa kiwandani. Humo humo huwekwa nta na kemikali za kuukinga mpira usichanike kwa ajili ya gesi ya ozoni iliyo hewani, na inayotumika sana inaitwa 6PPD. Kemikali hii imewekwa makusudi itoke ndani polepole, ije juu. Ikifika juu na kukutana na hewa, inageuka kahawia. Kwa hiyo tairi kuwa kahawia si ubovu, ni tairi linafanya kazi yake. Tuna mteja mmoja, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha matairi cha General Tyre enzi zile kabla hakijafungwa mwaka 2009, na yeye huwa haulizi dawa gani tunatumia. Anasimama na fimbo yake kuangalia povu.

Na kweli povu ndilo linalosema. Unalowesha ubavu wa tairi, unapulizia sabuni ya kukata mafuta, unasugua kwa brashi ngumu ya nailoni. Povu la kwanza linatoka kahawia, na kama gari lilishawahi kupakwa oili linatoka karibu na nyeusi. Unasuuza, unarudia. Siku povu linapotoka jeupe mara ya pili unamshukuru Mungu. Kwa Land Cruiser ya safari inaweza kuwa mara ya nne. Hata tairi jipya kabisa linasuguliwa, tena kwa bidii, kwa sababu linatoka kiwandani na utelezi wa ile dawa ya kulibandua kwenye kalibu, na juu ya utelezi huo hakuna dawa inayoshika. Baadaye linakaushwa, maji yanapulizwa yatoke kwenye maandishi na mifereji ya ubavuni. Kupaka dawa kabla ya hapo ni kujipaka mafuta usoni bila kunawa: haishiki, inabaki juu ikinata na kukamata vumbi.

Sasa tuje kwenye hiyo ya elfu mbili. Sisemi ni wapi, na sisemi wote. Lakini nimeshaona dumu lenyewe: oili chafu iliyotoka kwenye injini, imezimuliwa kwa dizeli au mafuta ya taa, inapakwa kwa kipande cha sponji ya godoro. Inang'aa, siwezi kubisha. Inang'aa kuliko dawa yangu, kwa saa chache. Halafu unaondoka nayo kwenye vumbi la Kisongo au la kwa Mrombo na kila chembe inaganda humo, na ukiosha kwa maji matupu haitoki, kwa hiyo unapaka tena juu yake. Ndiyo ile kahawia inayonata.

Kunata ni hasara ndogo. Oili na dizeli vinaingia kwenye mpira, vinaufanya uvimbe na kulegea, na vinaondoka na ile nta na kinga iliyokuwa juu. Jua likifanya kazi yake, ubavu unaanza kuonyesha mipasuko midogo kama nywele. Kuna dereva mmoja wa watalii aliyekuwa akipaka mchanganyiko huo kila anapokwenda kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, gari lipendeze. Alipotuletea, ukibonyeza ubavu kwa kucha alama inabaki, na meno ya tairi yalikuwa bado mazima kabisa. Mzigo na mawe ya huko juu, ukishapita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, vilichangia, sibishi. Lakini tairi la akiba lililokuwa limefungwa nyuma, la umri uleule, halikuwahi kuonja oili na ubavu wake ulikuwa mgumu, mzima. Tajiri wake alinunua manne. Nani anataka kujumlisha hizo elfu mbili mbili?

Halafu maji ya kuoshea oili hiyo yanakwenda wapi? Mengi yanaishia mto Themi au Naura. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na kila wakifukuzwa wanaoosha magari kwenye kingo, bei huko inapanda na lawama tunazipata sisi wenye mashimo ya kuchujia maji machafu. Haya, nisitoke nje ya mada.

Dawa za dukani ziko za namna mbili kubwa, zote mara nyingi zina silikoni. Moja imeyeyushwa kwenye kimiminika cha mafuta: ni angavu, nzito, ina harufu ya petroli, inang'aa ile ya kuonekana imelowa. Nyingine ya maji: nyeupe ya maziwa, haina harufu kali, ikikauka inaacha weusi wenye mng'ao wa wastani. Kama dumu halina lebo, na mjini hapa mengi hayana, dondosha tone kwenye glasi ya maji. Ya maji itachanganyika na kufanya wingu jeupe. Ya mafuta itaelea juu. Mimi kila ninaponunua kwa muuzaji mgeni nafanya hivyo mbele yake, na wapo walionuna.

Kwa gari la kila siku Arusha napendekeza ya maji, mkono mmoja mwembamba. Najua wengi hamtaki kusikia, mnataka ule mng'ao wa picha za Instagram. Lakini picha zile hazikupigwa Januari kwenye barabara ya vumbi. Mng'ao mkubwa ni unyevu, na unyevu unakamata vumbi. Ukitaka mng'ao kweli, tunapaka mkono wa kwanza, tunasubiri kama dakika kumi na tano ushike, tunapaka wa pili, kisha tunafuta kwa kitambaa kikavu chote kilichobaki juu. Hapo kwenye kufuta ndipo wateja wanapokunja uso. "Mbona unaifuta dawa yangu?" Mzee wangu, inayofutwa ni ile ambayo tairi halikuihitaji, na isipofutwa itafutwa na mlango wako.

Maana dawa nyingi ikiachwa mbichi, tairi likianza kuzunguka linairusha. Tuliletewa gari jeupe la harusi saa sita mchana, limetoka kupakwa kwingine asubuhi, tabaka nene, likaondoshwa hapohapo kutoka Sakina. Matone meusi yalikuwa yamejipanga kuanzia madigadi hadi mlango wa nyuma. Rangi ya gari tuliisafisha bila shida. Bibi harusi alikuwa ameshashuka mara moja, na gauni lilikuwa limepita palepale. Mama mzaa chema alituuliza sabuni gani inatoa, nami sikuwa na la kumwambia.

Hatupaki sehemu inayogusa barabara. Hatupaki hata ukiomba, hata ukisema ni kwa ajili ya picha. Na tairi la bodaboda hatulipaki kabisa, kwa sababu pikipiki ikilala kwenye kona inakanyagia pembeni, palepale unapotaka ing'ae. Vijana wa kijiwe cha hapo mbele walitutania sana kwa hili mpaka mwenzao aliyejipakia mwenyewe alipoteleza kwenye mzunguko wa barabara na kuchubuka goti na kiwiko. Siku hizi wanaleta ringi tu na cheni. Kopo la kupuliza nalo, kama unatumia nyumbani, pulizia kwenye sponji, usipulizie tairi moja kwa moja: ukungu wake unaingia kwenye diski ya breki, na silikoni kwenye diski hutaipenda unapoteremka kutoka Ngaramtoni.

Jambo jingine, dogo, kwa anayenunua gari au tairi la mtumba: likiwa linameremeta sana, omba kitambaa chenye sabuni ulifute kabla ya kutoa pesa. Mipasuko inajificha vizuri chini ya dawa. Halafu tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akisema ni jipya na tarakimu zinasema vingine, amini tarakimu.

Bei zetu basi, zikiwa hadharani: sh. 8,000 kwa gari dogo, sh. 12,000 kwa Land Cruiser na jamii yake, tairi la akiba lililofungwa nje likiwa ndani ya bei. Kama matairi yalishapakwa oili, mara ya kwanza tunaongeza sh. 4,000, na tutakuonyesha povu ukiwa umesimama hapo ili usije ukasema tumekuzulia. Mara ya pili hutalipa nyongeza hiyo. Anayetaka "paka tu" tunamwosha gari, tunamwachia matairi safi bila dawa, na hatumdai ya dawa. Tangu kaka wa Njiro arudi, kijana akiambiwa apake bila kusugua ana ruhusa ya kukataa, hata kama mteja ni rafiki yangu.

Kwa harusi, send-off na kipaimara, leta gari jioni ya siku moja kabla, au siku yenyewe kabla ya saa tatu asubuhi. Kusugua, kukausha, mikono miwili na kuliacha likae nusu saa kabla ya kuingia barabarani, haviwezekani gari likija saa sita na misa ni saa saba. Ukija saa hiyo tutakuoshea bodi na vioo, ila matairi tutayaacha bila dawa.