Barua ya malalamiko: Masasisho ya Windows yanagoma kwenye kompyuta 36, na kosa liko kwenye imeji yenu (nakala ya mfumo mliyoiweka humo)

Kitengo cha TEHAMA,
Chuo cha Ufundi,
Dar es Salaam.

20 Mei 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyotuuzia kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA 36 ZINAZOSHINDWA KUPOKEA MASASISHO YA WINDOWS 10

Husika na somo la hapo juu.

Kompyuta 36 tulizopokea kwenu mwezi Februari, 24 za mezani na 12 za mpakato, zote zikiwa na Windows 10 Pro toleo la 22H2, hadi leo hazisasishiki inavyopaswa. Za mezani zinapakua sasisho KB5034441, zinaanza kulisakinisha, kisha zinagoma na kutoa msimbo 0x80070643. Kesho yake zinaanza upya, na hivyo hivyo kila siku. Za mpakato zina hali mbaya zaidi: ukiacha moja tuliyoitibu wenyewe, hazijapokea sasisho hata moja tangu siku ya makabidhiano, na msimbo wake ni 0x8024402c. Tumewaandikia mara tatu. Majibu yenu hayakugusa tatizo, na jibu la tatu lingefuta kazi za watumiaji bila kuponya chochote. Ndiyo maana safari hii tunaandika kwa kirefu, ili fundi mtakayemtuma aje akijua anakwenda kurekebisha nini.

Jibu lenu la kwanza lilisema intaneti yetu ni dhaifu. Sivyo. Kwenye kompyuta za mezani upakuaji unafika asilimia 100. Kinachoshindikana ni usakinishaji. Tena masasisho makubwa ya kila mwezi yanaingia bila shida kwenye mashine hizo hizo, kwa laini hiyo hiyo.

Jibu la pili lilitutaka tusimamishe huduma ya masasisho, wuauserv, tufute folda ya SoftwareDistribution inayohifadhi masasisho yaliyopakuliwa, kisha tuendeshe amri za kukagua na kurekebisha faili za mfumo, sfc /scannow na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hizo ni hatua sahihi pale faili za mfumo zinapoharibika au upakuaji unapokatika njiani. Tulizifuata zote. sfc haikukuta faili mbovu hata moja, na DISM ilimaliza salama. Kilichotokea baada ya hapo ni kwamba kila kilichokuwa kimeshapakuliwa kilifutika, kompyuta zikapakua upya, bando likaliwa, na msimbo ukarudi ule ule. Msimbo 0x80070643 hausemi chochote zaidi ya kwamba usakinishaji umeshindikana. Kwa sasisho hili mahususi, lililotoka tarehe 9 Januari 2024, Microsoft wenyewe wamekiri kwamba msimbo unaoonekana sio uliopaswa kuonekana. Uliopaswa kuonekana ni CBS_E_INSUFFICIENT_DISK_SPACE, maana yake nafasi haitoshi. Na nafasi inayozungumziwa si ya diski C. Ni ya patisheni ndogo iliyofichwa, yaani kipande cha diski kilichotengwa, inayobeba mazingira ya uokoaji ya Windows, yaani WinRE.

Chukueni mfano wa kompyuta namba 14 iliyoko maabara. Diski yake ni SSD ya GB 256, na C ina zaidi ya GB 180 zilizo wazi. Mtu akiangalia hapo tu, ataapa kwamba nafasi ipo tele. Lakini amri ya reagentc /info inaonyesha WinRE iko harddisk0\partition1, na diskpart, zana ya kugawa diski, inaonyesha mpangilio huu:

Partition 1, Recovery, MB 499
Partition 2, System, MB 100
Partition 3, Reserved, MB 16
Partition 4, Primary, GB 237

Tuliipa patisheni ya kwanza herufi ya muda ili tuone ndani. Faili ya winre.wim, yenye WinRE yenyewe, inakaribia kuijaza yote. Kilichobaki wazi hakifiki MB 60. Sasisho KB5034441 linahitaji MB 250 zilizo wazi humo humo. Haliwezi kuingia, hata tukilijaribu mara mia. Mpangilio zilizokuja nao ni huo huo, megabaiti kwa megabaiti, kwenye kompyuta zote 24, kwa sababu zote zimemiminiwa imeji moja kutoka kwenu. Huo ni mpangilio wa Windows 10 za zamani, uliowekwa patisheni ya uokoaji mwanzoni mwa diski. Mliipandisha toleo imeji yenu lakini patisheni mkaziacha zilivyokuwa.

Kwa hiyo jibu lenu la tatu, kwamba tupige Windows upya kwa flashi mliyotutumia, hatukulikubali. Tuliifungua flashi hiyo. Haina Windows safi. Ina imeji ile ile, na ikimiminwa inajenga upya patisheni zile zile, kuanzia ile ya MB 499. Tungefomati kompyuta 24, tungehamisha na kurudisha faili za wakufunzi na za ofisi ya uhasibu, halafu jioni tungeukuta msimbo 0x80070643 unatusubiri.

Sasa kuhusu marekebisho. Microsoft wametangaza kwamba halitatoka sasisho jingine la kulitibu hili lenyewe. Ni lazima patisheni ipanuliwe kwa mkono. Fundi wenu alikuja mara moja, akashughulikia kompyuta mbili, na zote mbili bado zinagoma. Tunaeleza alikokosea, maana ni kosa rahisi kufanya. Maelekezo ya kawaida yanasema C ipunguzwe MB 250, patisheni ya uokoaji ifutwe, kisha iundwe mpya. Hesabu hiyo inakubali pale patisheni ya uokoaji inapokuwa nyuma ya C: inafutwa, nafasi yake inaungana na zile MB 250, na inayopatikana ni kubwa kuliko ya awali. Kwenu iko mbele, na kati yake na C kuna patisheni mbili. Nafasi inayopunguzwa kwenye C inatoka mwishoni mwa C, kwa hiyo haigusani nayo kabisa. Fundi alipunguza MB 250, akaunda patisheni ya MB 250, na winre.wim ya zaidi ya MB 400 haikuweza kukaa humo. Aliporudisha WinRE kwa reagentc /enable, ikarudi kwenye patisheni ya zamani, ambayo hakuwa ameifuta.

Utaratibu unaofaa kwa mpangilio huu ndio huu, na ufanyike baada ya nakala za data kuhifadhiwa nje ya mashine. Penye BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, ulinzi usitishwe kwanza kwa manage-bde -protectors -disable C:. Kisha, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

reagentc /disable
diskpart
select disk 0
select partition 4
shrink desired=1100 minimum=1100
create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001
format quick fs=ntfs label=WinRE
select partition 1
detail partition
delete partition override
exit
reagentc /enable
reagentc /info

Tumeweka MB 1100 kwa makusudi. Ndani yake winre.wim inaenea, zile MB 250 zinapatikana, na bado inabaki akiba ya masasisho yajayo ya aina hii. Mfuatano nao una sababu yake: patisheni mpya iundwe kabla ya kuifuta ya zamani. Ukianza kwa kufuta, diski inabaki na nafasi tupu mbili, na diskpart inaweza kuunda patisheni pale usipopataka. Ile detail partition isirukwe. Fundi asome kwamba aliyoichagua ni ya MB 499 ndipo afute, kwa sababu override haimuulizi mtu mara mbili. Zile MB 499 zitabaki tupu mwanzoni mwa diski na hazina madhara. Mwishoni, reagentc /info isome Enabled na ionyeshe patisheni mpya. BitLocker irudishwe, sasisho lijaribiwe.

Kuna mahali pawili utaratibu unaweza kukwama. C ikikataa kupungua, mara nyingi kuna faili isiyohamishika karibu na mwisho wake. Powercfg /h off inaondoa faili ya kulaza kompyuta, na kuzima kwa muda ulinzi wa mfumo kunaondoa nakala za urejeshaji. Na reagentc /enable ikisema haioni imeji ya WinRE, fundi aangalie kama winre.wim ipo C:\Windows\System32\Recovery. Kama haipo, ichukuliwe kutoka ndani ya install.wim, faili ya usakinishaji ya Windows halisi ya toleo lile lile. Isichukuliwe kwenye flashi yenu.

Tuseme pia jambo moja kwa haki. Sasisho hili linaziba mwanya CVE-2024-20666, unaomwezesha mtu aliyeishika kompyuta mkononi kuikwepa BitLocker kupitia WinRE. Kompyuta 16 kati ya zile 24 hazitumii BitLocker, kwa hiyo kugoma kwake huko hakufungui mlango mpya, ingawa kunawazoesha watumiaji kulipuuza onyo jekundu. Lakini nane ziko ofisi ya uhasibu na zote zimefungwa kwa BitLocker. Kwa hizo, pendekezo la fundi wenu kwamba sasisho lifichwe lisionekane hatulikubali.

Kompyuta za mpakato zina ugonjwa mwingine, na huu ndio unaotuhangaisha zaidi. Ukifungua ukurasa wa masasisho, juu kabisa yapo maandishi kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Chuo hakijaweka mpangilio wowote wa namna hiyo. Kwenye rejista, inakohifadhiwa mipangilio ya Windows, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate, tulikuta WUServer, anwani ya seva ya masasisho, ikielekeza kwenye seva ya ndani ya mmiliki wa zamani, bandari 8530, na chini yake, kwenye AU, UseWUServer ikiwa 1, yaani imewashwa. Kila zinapotafuta masasisho, kompyuta hizi haziendi Microsoft. Zinaitafuta seva iliyoko kwenye mtandao wa ofisi nyingine kabisa, zinashindwa kulipata jina lake, na 0x8024402c maana yake ni hiyo tu. Anwani yenyewe ni ya http isiyo na usimbaji. Mtu mwenye nia mbaya akiwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta hiyo anaweza kujifanya ndiye seva hiyo.

Kuondoa ni kazi ya dakika chache: hifadhi nakala ya ufunguo huo wa rejista, simamisha wuauserv, futa ufunguo wa WindowsUpdate wote, washa huduma, tafuta masasisho. Tulifanya kwenye kompyuta moja na masasisho ya miezi yote iliyopita yakaanza kushuka. Nyingine 11 tumeziacha kama zilivyo ili mje mwone wenyewe, na hadi mtakapokuja tumezitoa kwenye mtandao. Zimekaa kabatini, wakufunzi wanazihitaji.

Hati ya makabidhiano mliyosaini inasema diski zilifutwa na mfumo ukawekwa upya. Sera ya seva ya mmiliki wa zamani haibaki kwenye Windows iliyowekwa upya. Imeji ya mpakato ilichukuliwa kwenye mashine iliyokuwa inatumika ofisini kwa mtu, ikanakiliwa bila kusafishwa. Tunataka maelezo ya maandishi juu ya hili, kwa sababu hatujui ni nini kingine cha mmiliki huyo kimebaki humo, wala hatupaswi kubahatisha.

Tunachodai ni hiki. Ndani ya siku 14 mlete fundi, kwa gharama yenu, arekebishe patisheni za kompyuta zote 24 kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu, papo hapo chuoni na bila kufomati. Zile nane za uhasibu zitangulie. Zile mbili alizozigusa zina patisheni ya ziada ya MB 250 ambayo nayo iondolewe. Kompyuta 12 za mpakato ziwekewe Windows mpya kutoka faili rasmi za Microsoft, leseni zikiwa zile zile, na hapa hatupingi kufomati kwa sababu hazijaanza kubeba data. Imeji yenu mama ijengwe upya: patisheni ya uokoaji ikae nyuma ya C na isipungue GB 1, ya System, inayobeba faili za kuwashia Windows, iwe angalau MB 260 badala ya 100, na sysprep /generalize, inayoondoa utambulisho wa mashine, iendeshwe kabla ya kunakili. Hilo la System lisidharauliwe. Ikijaa, usakinishaji wa toleo jipya la Windows unakwama, na kuna siku tutahitaji kupanda, kwa kuwa Windows 10 inafika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Wateja wenu wengine waliouziwa imeji hizi nao wajulishwe, hasa wale wa mpakato, ambao wengi wao huenda wanadhani kompyuta zao zimesasishwa.

Kazi tutaipokea kwa kuikagua kompyuta moja moja: reagentc /info iwe Enabled na ionyeshe patisheni mpya, KB5034441 ionekane kwenye orodha ya zilizofanikiwa, na ufunguo wa WUServer usiwepo. Hadi hapo, sehemu ya mwisho ya malipo haitaidhinishwa, kama kifungu cha dhamana cha mkataba wetu kinavyoruhusu.

Tumeambatanisha matokeo ya reagentc /info na diskpart kwa kompyuta zote 24, nakala ya ufunguo wa rejista wa kompyuta 12 za mpakato, na barua zetu tatu za awali pamoja na majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Kitengo cha Ununuzi, Ofisi ya Uhasibu