Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda: tuambie redio ni za nani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam kutoka Busia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachouzia na kununulia hapa mpakani na Kenya, na tangu 2005 Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Kama ofisini kwako itabidi aitwe mkalimani, hilo nalo lina barua yake.

Mimi ni fundi redio. Mezani kwangu huwa nimewasha redio mbili tatu kwa pamoja, napima sauti, kwa hiyo nasikia mengi kuliko ninavyotaka. Juzi mama mmoja muuza dagaa aliniletea redio yake ndogo, spika inakoroma. Nilipoigeuza nikaona kidude cha kutafutia stesheni kimevunjika, mshale umeganda mahali pamoja. Nikamwambia nitaanza na hicho. "Hicho achana nacho, fundi. Nitengenezee sauti tu." Mshale ule umeganda kwenye stesheni ambayo mtaani kila mtu anaiita redio ya mheshimiwa. Ukimuuliza mtangazaji wake ni ya nani hasa, anakutajia jina la kampuni.

Kampeni zilizopita jirani yangu aligombea udiwani. Alilipia saa nzima kwenye stesheni nyingine, ya mheshimiwa mwingine, na picha ya risiti ninayo kwenye simu. Zilipita kama dakika kumi, kisha kimya. Baadaye akaambiwa jenereta imeharibika. Sasa mimi nilikuwa mezani nikimsikiliza. Umeme mjini ulikuwepo, na kabla sijamaliza kukaza skrubu moja, stesheni ileile ikaanza kupiga muziki. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, sijawahi kukutana na jenereta inayomkataa mgombea ikaukubali wimbo. Pesa hakurudishiwa.

Ibara ya 67 ya Katiba inawapa wagombea urais muda sawa, lakini kwenye vyombo vya serikali tu. Siwalaumu walioiandika. Ilikuwa 1995, redio za kwanza za watu binafsi, Sanyu na Capital, hazijatimiza hata miaka miwili hewani. Nani angejua kwamba siku moja tutakuwa na redio zaidi ya 200? Sheria ya Mawasiliano ya 2013 ilijaribu kuziba pengo. Kule nyuma kwenye majedwali imeagiza kwamba kipindi kikihusu mtu anayegombea cheo cha umma, wagombea wenzake nao wapewe nafasi sawa. Jirani yangu alikuwa hajui. Nilipomsomea alicheka.

Halafu likaja lile la 2020. Korona ikabana mikutano ya hadhara, tukaambiwa kampeni zifanyike redioni na kwenye televisheni. Siku ile kila mwenye mnara akageuka mwenye uwanja, na asiye na mnara akabaki kupiga hodi kwa mpinzani wake.

Usinijibu kwamba haya ni mambo madogo ya wilayani. Silvio Berlusconi wa Italia alianzia wilayani. Alikuwa mjenzi wa nyumba Milano, na televisheni yake ya kwanza ilikuwa ya waya, ya kuwahudumia wakazi wa mtaa alioujenga mwenyewe. Mwaka 1976 mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliruhusu watu binafsi kurusha matangazo, mradi yasivuke eneo lao. Taifa zima liliachiwa RAI, shirika la serikali. Yeye akafanya nini? Akawa anasambaza kanda zilezile kwa vituo vidogo vya kila pembe, navyo vikizirusha kwa wakati mmoja. Kwenye karatasi ni vituo vya mitaa. Sebuleni kwa mtazamaji ni televisheni ya taifa.

Oktoba 1984 mahakimu wa Torino, Roma na Pescara wakazima matangazo hayo. Watu wakapiga kelele, maana tamthilia zao zilikatika katikati. Siku chache tu baadaye Waziri Mkuu Bettino Craxi, rafiki yake, akatoa amri ya kuyarudisha. Sheria kamili ya utangazaji ilikuja 1990, na ilipofika ilimkuta ana chaneli tatu za taifa. Ikambariki nazo zote tatu. Januari 1994 akarekodi hotuba ya dakika tisa, bila mwandishi hata mmoja wa kumuuliza swali, akaituma kanda kwenye televisheni. Miezi miwili baadaye akashinda uchaguzi kwa chama ambacho mwaka mmoja nyuma hakikuwepo, na uwaziri mkuu akaja kuushika mara tatu.

Sisemi tajiri asiwe na redio, wala mbunge asiwe nayo. Ninalosema ni kwamba Waitaliano angalau walijua mwenye televisheni ni nani. Sisi tunajuzwa na boda boda.

Na usiniambie Uganda haina mkono wa kufikia redio. Mwaka 2009 CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilizimwa, ikakaa kimya zaidi ya mwaka, na bimeeza, ile midahalo ya wananchi iliyorushwa redioni moja kwa moja, zikapigwa marufuku. Mkono upo. Mpaka leo nauona ukinyooshwa kwa redio inayosema sana, sijauona kwa ile inayomnyamazisha mgombea.

Kwa hiyo naomba haya. Kila leseni iandikwe majina ya watu, si ya kampuni peke yake, na orodha ibandikwe makao makuu ya kila wilaya, maana si wote wenye intaneti. Sheria ya makampuni ilirekebishwa 2022 na kampuni zinatakiwa kumtaja mmiliki halisi. Wewe unahitaji tu kuomba. Pili, mgombea akikatwa hewani apate pa kulalamika na ajibiwe kabla ya kura kupigwa. Jirani yangu alipeleka barua yake, na aliyeapishwa kuwa diwani sasa hata anamsalimia.

Redio ya mama wa dagaa bado iko mezani. Spika imepona. Kidude cha stesheni nimekiagiza Kampala, akija Alhamisi nitamwomba tena aniruhusu nikifunge.

Wako,
Fundi redio, Busia